Kiatu cha breki, kutoka kwa fundi viatu hadi mlima wa Mgeta

Najua nimepotea. Wiki mbili hizi nilikuwa nyumbani Morogoro, na ile makala ya bei ya karoti niliyowaahidi haijaandikwa. Badala yake nimerudi na makala ya breki. Msishangae. Ni historia, tena inatuhusu sote tunaopanda magari, uwe unaendesha au umekaa siti ya nyuma na kuku wako.

Nianze na kisa chenyewe. Jumamosi moja nilimpeleka mama Nyandira kumsalimia mama mkubwa. Wanaoijua njia hiyo wanajua: unatoka mjini kwa barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga unakata kushoto kuelekea Mzumbe, unapita Mlali, halafu Milima ya Uluguru inaanza kukuonyesha kwamba wewe ni mgeni. Kupanda hakukuwa na shida, injini inalia tu na wewe unaivumilia. Jioni tukaanza kurudi. Gari ni Corolla ya mama, ya kawaida kabisa, na nyuma tulikuwa tumejaza kabichi, viazi, njegere na gunia la karoti, maana huwezi kutoka Mgeta mikono mitupu, watu watakuona una kiburi.

Kona ya nne au ya tano hivi, kanyagio la breki likaenda chini kuliko nilivyozoea. Kona iliyofuata likaenda chini zaidi, usukani ukaanza kutetemeka, na ndani ya gari ikaingia harufu ya kitu kinachoungua. Nikarudisha gia namba mbili, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa upande wa mlima. Upande wa pili ni korongo. Mama hakupiga kelele wala hakutaja jina la Mungu. Alifungua mlango, akashuka, akatafuta jiwe, akaliweka mbele ya gurudumu kama utingo aliyezaliwa kwenye lori. Kisha akasema, "Mpigie mjomba wako."

Sasa niwaambie ukweli ambao mama alikuwa haujui. Pedi zile nilizinunua mimi, miezi mitatu kabla, kwenye duka moja la spea ambalo silitaji. Muuzaji aliniwekea maboksi mawili mezani. Moja lilikuwa nusu ya bei ya jingine. Nikachukua la nusu bei, chenji nikanywea soda. Ndiyo maana naandika makala hii.

Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kumzungusha zungusha. Na huyu wa kwangu, juu ya kuwa mjomba, ni fundi magari. Ana gereji uani kwake Kihonda, chini ya mwembe. Alianza kushika spana miaka ya 1970 akiwa kijana mdogo. Jumatatu aliponifungulia gurudumu la mbele alikaa kimya kwa muda, akachomoa pedi moja na kuikwaruza kwa ukucha. Ikamomonyoka.

"Mjomba, hii nani kakuuzia?"

"Nilinunua mwenyewe."

"Hukununua pedi. Umenunua boksi."

Uso wa pedi ulikuwa unang'aa kama kioo. Diski nayo ilikuwa na madoa ya bluu na nyufa ndogo ndogo kama za tope lililokauka. Mjomba alisema chuma kikiwa na rangi ile kimepita motoni. Halafu akavuta kigoda, akaniambia nikae, na ndipo nikapata darasa ambalo sehemu kubwa yake nimekwenda kulithibitisha vitabuni na kuliongezea mengine.

Breki, kwa historia yake, ni habari ya viatu. Mafundi wetu wanasema "breki shuu" bila kufikiria, lakini ni kiatu kweli. Agosti 1888 mama mmoja wa Kijerumani, Bertha Benz, alichukua gari la mumewe Karl bila kumuaga, akawapakia wanawe wawili, akaenda kumwona mama yake mzazi: kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Hiyo ndiyo inahesabiwa kuwa safari ndefu ya kwanza ya gari duniani. Njiani kulikuwa na vilima, na breki zilikuwa vipande vya mbao vinavyosugua gurudumu. Vikaisha. Bertha akasimama kijijini, akamtafuta fundi viatu, akamwagiza apigilie ngozi juu ya zile mbao. Ndizo lainingi za kwanza za breki tunazozijua. Kwa hiyo mtu wa kwanza kutengeneza breki za gari alikuwa fundi viatu, na aliyempa wazo ni mwanamke aliyekuwa anashuka mlima kwenda kwa mama yake. Nilipomsimulia mama hilo alicheka mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Miaka 9 baadaye, 1897, Mwingereza Herbert Frood alianza majaribio kwenye kibanda cha bustani yake huko Derbyshire, nchi ya vilima. Inasimuliwa kwamba aliwaona wenye mikokoteni wakipachika viatu vikuukuu kwenye breki zao ili zishike vizuri wakati wa kushuka. Akajaribu vitambaa vya pamba vilivyoloweshwa gundi na lami, kisha akagundua kwamba pamba ikipata joto kali inaungua. Kampuni yake ndiyo Ferodo ambayo mnaiona hadi leo kwenye maboksi ya spea. Wanasema jina hilo ni herufi za Frood zilizochanganywa, na ile E ni ya mkewe Elizabeth.

(Tukiwa kwenye viatu. Morogoro tulikuwa na kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichopangwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziende Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake na kikafungwa mwaka 1990. Mjomba hupenda kusema kiatu pekee kilichofanikiwa Morogoro ni cha breki.)

Na huku kwetu? Gurudumu halikutuchangamkia mapema. Misafara ya karne ya 19 iliyopita chini ya Uluguru, pale Simbamwene kwa Kisabengo ambapo Stanley alipita mwaka 1871, ilikwenda kwa miguu na mizigo kichwani. Mmisionari Roger Price alijaribu mwaka 1876 kupitisha ng'ombe wa kukokota kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akafika akifurahi, lakini mwaka uliofuata walipokuja na magari ya kukokotwa yenyewe mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Kwa hiyo mtu aliyeshuka mlima wa Mgeta enzi hizo breki yake ilikuwa vidole vya miguu. Mabibi zetu bado wanashuka hivyo na vikapu vya mboga, na sijawahi kusikia mmoja ameharibikiwa breki.

Mwaka 1907 mambo mawili yalitokea pamoja. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro. Na tarehe 10 Agosti mwaka huohuo ofisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akitaka kuvuka Afrika hadi bahari ya pili. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Magari ya zama zile kwa kawaida yalikuwa na breki za magurudumu ya nyuma na za shafti tu. Ya mbele yalikuwa yanazunguka bila kizuizi. Breki za magurudumu yote manne zilikuja kuenea miaka ya 1920, pamoja na zile za kusukumwa kwa mafuta alizozibuni Malcolm Loughead wa Marekani, huyo ambaye jina lake lilikuja kuandikwa Lockheed. Lile kopo la mafuta ya breki chini ya boneti yako limetoka kwake.

Nirudi kwa Frood, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Baada ya pamba kushindwa na joto, mwaka 1908 akatumia asbesto. Ni jiwe linalochimbwa, lakini linachambuka nyuzi kama katani yetu ya Kimamba, na haliungui. Kwa breki ilikuwa kama mana imeshuka: inastahimili moto, haimalizi chuma, bei nafuu. Kwa muda wa miaka 70 na zaidi dunia nzima ilisimamisha magari kwa asbesto. Kwenye lainingi nyingi ilikuwa inafika nusu ya uzito.

Tatizo ni kwamba breki inafanya kazi kwa kuisha. Kila unapokanyaga, kidogo kinasagika na kuwa vumbi. Kwenye dramu vumbi hilo halitoki, linakaa mle ndani linamsubiri fundi.

Ubaya wake ulijulikana mapema mno. Mwaka 1924 alikufa Nellie Kershaw wa Rochdale, Uingereza, akiwa na miaka 33, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto, na daktari aliyempima akaandika kwenye jarida la madaktari kwamba mapafu yake yalikuwa na vipande vya jiwe hilo. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa cha familia ya Turner, ambayo kampuni yao ndiyo iliyokuja kuinunua Ferodo katikati ya miaka hiyohiyo ya 1920. Uingereza ikatunga kanuni za vumbi viwandani mwaka 1931. Mwaka 1977 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likatamka wazi kwamba asbesto inaleta saratani. Marekani ilitangaza kuipiga marufuku mwaka 1989, mahakama ikatengua sehemu kubwa ya katazo mwaka 1991, na katazo la maana likaja mwaka 2024. Uingereza 1999. Japani, tunakotoa magari yetu, ilizuia bidhaa nyingi za asbesto zikiwemo lainingi za breki mwaka 2004.

Sasa hesabuni. Mjomba wangu alikuwa anafungua dramu tangu miaka ya 1970.

"Mlikuwa mnasafishaje?" nikamuuliza.

"Unaigonga chini, pap! Halafu unapuliza. Kwa mdomo. Baadaye tukapata kompresa, tukafurahi kweli. Gereji nzima inakuwa nyeupe kama kiwanda cha unga."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa. Mjomba anakohoa siku nyingi. Mimi si daktari, na sisemi ni nini. Ila nimesoma kwamba nyuzi za asbesto zikiingia kifuani ugonjwa unaweza kujificha miaka 20, 30, hata 40 kabla ya kujitokeza.

Miaka ile, anasema, hakukuwa na kuchagua pedi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na spea zikawa kama dhahabu. Gari binafsi lilikuwa limekatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta, na mjomba anatania kwamba serikali iliokoa na lainingi. Fundi alikuwa ananunua lainingi iliyokatwa kutoka kwenye roli, anatoboa, anapiga ribiti kwenye kiatu cha zamani, anapiga tupa hadi kiingie. Kiatu kimoja kiliweza kuvishwa soli mpya mara 5 au 6. Si mnaona? Fundi viatu yuleyule wa Bertha.

Wasiosimama nao walikuwepo. Abiria wa miaka hiyo wanakumbuka lori lililoegeshwa kwa mawe, matawi ya miti yaliyotupwa barabarani kuonya wanaokuja nyuma, na utingo anayening'inia na gogo mkononi tayari kuruka. Na msidhani ni magari tu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam na kupita hapa Morogoro ilishindwa kushika breki mlimani karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa. Mji huu una karakana ya reli, kila mtaa una mtu wa reli, na siku ile msiba haukuwa wa Dodoma peke yake.

Tuje kwenye diski, kile chuma cha mviringo ambacho pedi zinakibana kutoka pande mbili. Wazo lake ni la zamani: Frederick Lanchester alipata hataza yake Birmingham mwaka 1902. Lakini alibania shaba kwenye chuma na kelele zikawa hazivumiliki, watu wakarudi kwenye dramu. Ilibidi isubiriwe Juni 1953, Jaguar yenye diski za Dunlop iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans. Wenzake wenye dramu walikuwa wanapunguza mwendo mapema kabla ya kona, yeye anachelewa hadi karibu aione rangi ya macho ya mshika bendera. Wiki chache tu kabla ya hapo Afrika Mashariki ilikuwa imefanya Safari Rally yake ya kwanza kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1955 Citroën DS ikaleta diski kwa mtu wa kawaida (mwenye hela, lakini wa kawaida).

Siri ya diski ni upepo. Dramu ikipata moto inatanuka na kukimbia kutoka kwenye kiatu, na joto limefungiwa ndani kama ugali kwenye sufuria. Diski iko nje, inapoa inavyozunguka, na ikitanuka inaisogelea pedi. Peugeot 504, ile iliyoanza mwaka 1968 na kubeba abiria wengi wa nchi hizi, ilikuja na diski mbele. Land Rover zilizopanda Mgeta na Matombo kwa miongo mingi zilibaki na dramu. Diski za mbele zilikuja na One Ten ya mwaka 1983. Mjomba anasema dereva wa Land Rover ya dramu alikuwa anashuka mlima kwa gia, na breki anaigusa kama mtu anayegusa pasi kuona kama imepata moto. Halafu ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, magari ya mtumba kutoka Japani yakamwagika, otomatiki, laini, diski mbele, na sisi wajukuu tukasahau gia. Mimi Jumamosi ile nilishuka mlima mzima kwenye D.

Hesabu ndogo, msinikimbie. Kusimamisha gari kutoka kilomita 80 kwa saa kunazalisha joto fulani. Kushuka mita 1,000 kwa kushikilia breki tu kunazalisha joto sawa na kusimama hivyo mara 40 mfululizo, bila kupumzika. Uzito wa gari haubadilishi hiyo 40. Barabara ya Mgeta inakushusha karibu kiasi hicho hadi Mlali. Ndiyo maana pedi ambayo Dar es Salaam ingenivusha mwaka mzima, pale ilikufa kona ya tano. Na mafuta ya breki nayo yananyonya unyevu wa hewa: DOT 3 mapya yanachemka nyuzi 205, yakishakula maji yanashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Kanyagio linakwenda chini, na wewe unamkumbuka muuzaji wa boksi.

Haya, tukaenda madukani mimi na mjomba, naye kavaa shati la Ijumaa. Niwape nilichojifunza, kwa mpangilio wowote.

Diski kwanza, maana watu wengi wanabadilisha pedi na kusahau diski. Ukingoni au katikati ya diski pameandikwa MIN TH na namba ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho. Ikipungua hapo si diski tena, ni chuma chakavu. Zangu zilikuwa zimeshapita. Kuna mafundi wa leithi mjini wanaozichonga zikawa nyororo, na kwa gari la bondeni lenye diski nene bado si vibaya. Lakini kuchonga ni kupunguza chuma, na chuma ndicho kinachobeba joto. Kwa anayepanda Mgeta mara mbili kwa mwezi mjomba alikataa katakata. Diski zenye matundu ya urembo pia alizikataa. Alisema nyufa zinaanzia hapo. Tulichukua za kawaida zenye njia za hewa katikati, akazipima uzito mkononi, moja kwenye kila kiganja, kama anayenunua nazi. Ya bandia huwa nyepesi.

Mtumba wa Japani? "Diski ya mtumba nitaipima. Pedi ya mtumba siwezi kuipima." Hapo nimenukuu.

Pedi sasa. Pembeni mwake mara nyingi kuna herufi mbili. Ya kwanza ni ushikaji ikiwa haijapata moto sana, ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni hadi 0.45, G hadi 0.55. Ukiona FE maana yake ikipata moto inalegea. FF inabaki palepale. Mimi niliona zile herufi miaka yote nikidhani ni namba ya kiwanda. Alama nyingine ni E ndani ya duara na namba, pamoja na 90R: hiyo ni kanuni ya Ulaya iliyoanza kudai mwaka 1999 kwamba pedi ya kubadilishia isitofautiane na ya awali kwa zaidi ya asilimia 15. Bila shaka anayeweza kughushi boksi anaweza kughushi na herufi, kwa hiyo mjomba aliangalia pia kama pedi imeshikana na bamba lake bila mwanya na kama maandishi yamegongwa kwenye chuma au yamepakwa rangi tu. "Asbestos free" kwenye boksi alilipita bila kulisoma. Yoyote anaweza kulichapa.

Kuhusu kilichomo ndani: zile laini za nyuzi za kikaboni hazipigi kelele lakini joto la mlima linazisumbua, za kauri ni safi na ghali, zenye unga wa chuma zinalalamika kidogo asubuhi na zinaila diski, ila zinavumilia moto. Tulichukua za chuma, za kampuni inayojulikana, na mafuta ya DOT 4. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile nilizonunua mwanzo. Nikalipa bila kuomba kupunguziwa, kitu ambacho mama hajawahi kuniona nikifanya.

Kuna jambo moja nililisoma usiku likaninyima usingizi. Majimbo ya California na Washington yalitunga sheria mwaka 2010 kupunguza shaba kwenye pedi, kwa sababu vumbi lake linasombwa na mvua hadi mitoni na kudhuru samaki. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2024 umepitisha viwango vya vumbi la breki. Sasa mvua ya Uluguru tunaijua, na maji yake yanaingia Mto Mgeta, yanaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywewa Dar es Salaam. Nitalifuatilia siku nyingine, ni makala peke yake.

Siku ya kufunga. Mjomba aliosha diski mpya kuondoa mafuta ya kiwandani, akakwangua kutu pale diski inapokaa, maana kutu kidogo tu hapo usukani utatetemeka na utalaumu diski. Alipaka grisi pini za kalipa. Akabadilisha kulia na kushoto pamoja. Kisha kabla ya kuniachia gari akaniagiza niende barabara ya Dodoma alfajiri, nipunguze mwendo kutoka 50 hadi 10 mara kumi hivi bila kusimama kabisa, halafu niliache gari lipoe, ili pedi na diski zizoeane. Na kwamba nikishuka mlima nisipeleke gari kuoshwa breki zikiwa za moto. Maji ya baridi kwenye chuma chekundu yanalikunja.

Corolla ya mama nyuma ina dramu. Mjomba akasema tuzifungue nazo, tuone viatu. Alipoivua ya kulia, nikaliona vumbi, la kijivu, limelala mle ndani limetulia. Sijui lina nini. Viatu vile vilikuja na gari. Nilikuwa nimejiandaa. Nikampa ndoo ya maji na kitambaa, nikamwambia, "Mjomba, leo tusipulize. Tufute."

Akaniangalia, akaangalia kitambaa. "Miaka yote hii, leo ndiyo unaniletea kitambaa." Lakini akakilowesha, akafuta, pole pole, hadi chuma kikaonekana. Nikafurahi. Nikaenda upande wa pili wa uwa kuchukua jeki.

Nikiwa huko nikasikia dramu ya kushoto ikigongwa chini, pap, halafu "fuuu", halafu kikohozi.

Hospitali kwenda kupiga picha ya kifua ameshakataa mara mbili. Mama ni dada yake mkubwa, na ndiye mtu pekee anayemsikiliza. Nimemsimulia kila kitu, hata habari ya boksi la nusu bei na ile soda. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga khanga, akasema Jumatatu asubuhi nilete gari, tutampitia Kihonda.